Nani wa Mwisho

3 Septemba

Yunier kauza feni yake. Ile aliyoiunda mwenyewe kwa mota ya mashine ya kufulia ya Kirusi, ikizunguka ukuta mzima unatetemeka. Nilipomuuliza mbona kauza, akasema kelele zimemchosha. Joto la Septemba hapa Havana linalaza watu sakafuni, na mdogo wangu kelele ndizo zilizomchosha! Nimeliweka moyoni.

4 Septemba

Umeme hakuna. Sikufanya kazi.

7 Septemba

Kazi yangu imekubaliwa kwa maonyesho ya Novemba, lakini kwa sharti. Ndugu Abelardo, mkurugenzi wa jumba la sanaa, kaniita ofisini. Ana tabia ya kupangusa miwani kila anapotaka kusema jambo asilolipenda, na leo aliipangusa tangu nilipoketi.

"Hebu nione kama nimeelewa," akasema. "Simu za mezani, za zamani, zimekaa kwenye viti kama watu walio foleni. Ya kwanza inalia. Mtu ananyanyua, sauti inamuuliza, 'Nani wa mwisho?' Yeye anajibu, 'Mimi,' anataja yuko nyuma ya nani, naye anauliza 'Nani wa mwisho?' kisha anaweka chini. Sauti yake inarekodiwa, na yeye ndiye atakayeuliza kwenye simu inayofuata."

"Umeelewa kuliko mimi."

"Basi niambie. Ni foleni ya nini?"

"Foleni tu."

"Hakuna foleni tu, Idalmis. Ya mkate? Ya mafuta? Ya viza?"

"Wewe ukikuta watu wamejaa barabarani unauliza nini kwanza? Kinachouzwa, au nani wa mwisho?"

Akacheka, halafu akajuta kucheka. Mada ya maonyesho ni utaifa na teknolojia. Kamati itataka kibao ukutani kinachosema ni foleni ya nini, na ikiwezekana niweke mahali fulani ule mti wa kwenye nembo ya taifa, angalau kwa taa. Nikamwambia sisi hatutambuliki kwa mti. Hapa hakuna anayesimama mstarini: unauliza nani wa mwisho, unamkariri sura, unakwenda kukaa kivulini. Mkuba hata akifika mwezini, atauliza nani wa mwisho kabla hajavua kofia. Akapangusa miwani.

Simpendi mtu huyu. Ana uso wa mtu aliyekwisha kukubali kila kitu.

12 Septemba

Mimi na Yunier tumezunguka nyumba za jirani kukusanya simu. Karibu kila nyumba ina moja iliyonyamaza, kwa sababu waliokuwa wakipigiana wameondoka nchini na sasa wanatumiana sauti kwa simu za mkononi. Zoraida wa ghorofa ya juu katupa nyekundu, ya mwanawe aliyeko Tampa.

"Muikarabati, lakini msiibadilishe mlio," akasema. "Nikisikia ule mlio nataka nijue ni yangu."

"Ukilia moyo utakupasuka, shangazi," Yunier akamtania.

"Acha unipasuke. Tangu aende haujafanya kazi nyingine."

Tumecheka wote watatu. Yunier ndiye fundi wangu tangu kazi ya kwanza. Mimi nachora, nabishana na kina Abelardo. Yeye ndiye anayefanya vitu viseme. Sijui hata kushika chuma cha kulehemu nyaya. Bila yeye nina viti tu.

15 Septemba

Foleni ya kuku, tangu asubuhi. Mwanamume mmoja mbele yetu aliondoka bila kumwambia aliyekuwa nyuma yake. Kuku walipofika kila mtu akawa hajui anamfuata nani. Wanawake wawili wakashikana nywele. Mzee mmoja akaapa kuwa yeye alikuwa nyuma ya shati la bluu, na shati la bluu lilikuwa limekwenda zake.

Sijamwona Yunier amekasirika vile. Alipanda juu ya kreti.

"Mtu akitaka kuondoka aondoke!" akafoka. "Lakini amwambie aliye nyuma yake: mimi nilikuwa nyuma ya fulani, sasa utamfuata yeye. Sekunde mbili! Ukiondoka kimya hujaondoka peke yako, umetuvunja wote!"

Watu wakampigia makofi. Kuku wakaisha kabla hatujafika.

20 Septemba

Nimemwomba Mama aingize sauti yake kwenye simu ya kwanza, ile itakayoanzisha foleni. Mama alikaa kwenye kituo cha simu maisha yake yote ya kazi, akiunganisha watu. Nani mwingine anafaa?

"Sauti yangu nimeshaistaafisha," akasema, bila kuinua macho kwenye mchele aliokuwa akiuchambua.

"Maneno matatu tu, Mama."

"Miaka yote nimesikiliza watu wengine wakiagana. Nimeshasikia za kutosha. Muombe Zoraida, yeye hanyamazi."

Nikamuomba Zoraida. Kweli hanyamazi, ilibidi Yunier amkatishe.

26 Septemba

Leo Yunier alikuwa anafunga skrubu kwa mkono wa kulia tu. Wa kushoto aliubana ubavuni. Nilipougusa begani akaruka.

"Una nini?"

"Niliulalia."

Aliulalia! Nimelelewa katika nyumba hii, najua mkono uliolaliwa na mkono uliodungwa. Jirani wa chini aliubana mkono hivyohivyo mwaka jana, wiki mbili kabla ya kuondoka. Ni chanjo ya homa ya manjano. Hakuna anayedungwa hiyo ili abaki Havana. Wanadungwa wanaopitia Guyana kwenda Brazili.

Sikumwambia kuwa najua. Nimeshinda nikitazama mgongo wake.

27 Septemba

Kauza viatu vyake vya mvua. Msimu wa mvua huu.

2 Oktoba

Nimeshindwa kuvumilia. Tulikuwa tunapanga viti ukumbini, sisi wawili tu, nikamuuliza moja kwa moja.

"Unaondoka?"

"Wapi?"

"Usinifanye mjinga, Yunier. Feni, viatu, mkono."

Akaweka chini kiti alichokuwa amekishika. Akakitazama kile kiti kama ndicho kilichomuuliza.

"Siendi kokote, dada."

"Apa."

"Naapa kwa nini, na wewe huamini chochote?"

"Apa kwa Mama."

Akachukua bisibisi, akarudi kwenye simu zake. Hakuapa. Nilitaka kumrushia kitu. Nilitaka pia kumkumbatia. Nikaendelea kupanga viti, tena vibaya, ikabidi nivipange upya.

5 Oktoba

Umeme saa chache tu. Maji hayapandi. Mama kasema nimekuwa mkali hata kwa ndoo.

9 Oktoba

Leo nimefanya jambo.

Yunier alikuwa ametoka na pikipiki yake ya umeme. Nikaingia chumbani kwake. Sitajidanganya kwamba nilikuwa natafuta waya. Pasi yake ya kusafiria ilikuwa ndani ya boksi la redio, imefungwa kwa nailoni. Mpya, ina harufu ya gundi.

Nimeichukua. Nikaenda nayo ukumbini nikiibana tumboni chini ya blauzi, kila askari niliyempita nikadhani anaiona. Simu nyekundu ya Zoraida ilikuwa imekwisha kupimwa na kufungwa, imewekwa kwenye kiti cha mwisho karibu na ukuta wa ndani. Nikafungua skrubu za chini, nikaisukumia pasi tumboni mwa simu, nikafunga. Kwa haraka zangu skrubu moja nimeiharibu kichwa.

Nataka maonyesho yapite kwanza. Hilo ndilo ninalojiambia. Ukweli ni kwamba sitaki aende, leo wala baada ya Novemba, na sijapata njia nyingine.

11 Oktoba

Anatafuta. Hasemi anatafuta nini. Kafagia chumba mara mbili, yeye ambaye hafagii. Kahamisha kabati. Mama kamuuliza kama anapanga kuoa.

12 Oktoba

Bado anatafuta. Mezani hakula maharage yake. Mara moja alinyanyua macho akanitazama, nikamwambia apitishe chumvi.

14 Oktoba

Ameacha kutafuta. Hilo linanitisha zaidi.

17 Oktoba

Redio inasema kimbunga kinakuja kutoka kusini. Tumefunga madirisha kwa mbao za kitanda cha zamani. Yunier kapanda juu kufunga tangi la maji la Zoraida, Mama yuko chini anampigia kelele ashuke, Zoraida yuko juu anampigia kelele asishuke. Kwa dakika chache nyumba yetu ikawa nyumba.

18 Oktoba

Upepo. Siwezi kuandika.

20 Oktoba

Kimbunga kimepita pembeni ya mji, lakini mvua haikupita pembeni. Umeme hakuna nchi nzima. Abelardo mwenyewe kaja kwa miguu kutuita, suruali imelowa hadi mapajani. Dirisha la ukumbi limeng'oka, maji yamewapiga wote walio kwenye viti. Hivyo ndivyo alivyosema, "wote walio kwenye viti", akizungumzia simu. Nikamtazama vizuri kwa mara ya kwanza.

Tulifika, tukakuta viti vimelala. Yunier akachuchumaa, akainua simu moja, maji yakamwagika kama kwenye birika.

"Zote zifunguliwe," akasema. "Zikauke leo, zikikaa zitashika kutu."

"Ile nyekundu ilikuwa ukutani," nikasema. "Haikulowa."

"Zote, dada."

"Nakuambia hiyo iko sawa."

"Wewe ni fundi tangu lini?"

Abelardo alikuwa pale na kitambaa cha kukaushia, akitutazama mmoja baada ya mwingine. Nikasema kichwa kinaniuma, naenda nyumbani. Nilitembea kandokando ya matawi yaliyoanguka nikisubiri kusikia ananiita nyuma yangu. Hakuniita.

Jioni karudi, kala wali baridi, kamtania Mama kuhusu mishumaa. Mimi kaniambia "lala salama". Basi.

21 Oktoba

Nilikimbilia ukumbini mapema. Simu nyekundu iko kwenye kiti chake, imefungwa. Ile skrubu niliyoiharibu bado iko, imeharibika vilevile. Nikaitikisa simu. Ndani kitu kikagonga.

Ipo! Hakuifungua, au aliichoka akaiacha. Nilikaa kwenye kiti cha jirani yake, nikashukuru.

29 Oktoba

Yunier anafanya kazi kama mtu anayefukuzwa. Nyaya mpya chini ya viti vyote, kitu fulani chini ya jukwaa ambacho kanikataza kukigusa. "Utaharibu," kasema. Nimemruhusu awe na siri ndogo, maana mimi ninayo kubwa.

5 Novemba

Kamati imekuja. Watu watano, wanne hawakunyanyua simu hata moja. Wa tano alinyanyua, akaulizwa nani wa mwisho, akaweka chini haraka bila kujibu. Wakaamua kibao kitasomeka: Foleni ya Mkate. Nikasema hapana. Mmoja akasema basi simu zirudi kwa wenyewe.

Abelardo akapangusa miwani. "Kibao kitachapwa, ndugu zangu," akasema. "Msiwe na wasiwasi."

Nilipomfuata nje nikamtukana. Nilimwita kinyonga na mengine ambayo sitayaandika. Akasikiliza yote.

"Binti yangu yuko Madrid," akasema nilipomaliza. "Nami sijapenda foleni hii kuitwa ya mkate. Niachie kibao."

13 Novemba

Kesho. Nguo ya Mama imepigwa pasi, na shati jeupe la Yunier pia. Mama kalipiga pasi taratibu sana, kola mara mbili, halafu akalikunja badala ya kulitundika. Nikamwambia atalikunjia nini, si analivaa kesho? Akasema mkono umezoea.

15 Novemba

Jana. Nitaandika yote, hata kama mkono utachoka.

Asubuhi Yunier hakuwepo. Mama alisema ametoka mapema kutafuta waya. Mchana hajarudi. Nikashuka uani: pikipiki ipo, betri haipo. Kauza betri! Pikipiki bila betri ni chuma tu, kila mtu anajua betri ndiyo pikipiki. Nikapanda ngazi mbilimbili. Begi lake halipo, shati jeupe halipo.

"Mama, yuko wapi?"

Mama alikuwa amevaa tayari, amekaa kwenye kiti na mkoba mapajani.

"Ndege imeondoka saa tano," akasema.

"Haiwezekani. Hana pasi!"

"Anayo."

Hapo nikaelewa kwamba alikuwa akijua. Alikunja shati lile huku anajua. Nilisema maneno mabaya. Nilisema wamenifanya mjinga katika nyumba yangu mwenyewe, kwamba Yunier aliyewafokea watu kwenye foleni ya kuku kaondoka kimya kuliko wote. Nilisema sifungui maonyesho yoyote. Mama akaniacha niseme. Halafu akasimama, akanyoosha gauni.

"Watu wamealikwa," akasema. "Twende."

Saa kumi ukumbi ulijaa. Nusu ya mtaa wetu, wageni wachache wenye kamera, watu wa kamati. Ukutani hakukuwa na kibao. Abelardo alimweleza kila aliyeuliza kuwa mchapaji kakosa umeme, na kwa kuwa hilo ni kweli kila siku hakuna aliyeweza kubisha. Akasimama kunikaribisha niseme machache. Nikafungua mdomo, na umeme ukakatika.

Watu wakaguna ule mguno wetu wa wote pamoja. Kupitia lile dirisha lililong'oka mwanga wa jioni ulituonyesha nyuso, lakini simu zilikuwa zimekufa. Mmoja wa kamati akasema, si bila furaha, kwamba ni bahati mbaya. Abelardo akaanza kuwaomba watu radhi. Mimi nikawa natafuta mlango.

Simu ya kwanza ikalia.

Hakuna aliyesogea. Ikalia tena. Umeme hakuna, na inalia! Nikapiga magoti, nikachungulia chini ya jukwaa. Betri ya pikipiki ilikuwa pale, imefungwa kwa kamba vizuri, nyaya zimepangwa kwa rangi kama anavyopanga yeye. Hakuiuza. Kitu pekee ambacho angekiuza apate hela ya maana ya safari, kakiacha kwangu.

Zoraida ndiye aliyenyanyua. Akasikia sauti yake mwenyewe ikimuuliza, akacheka, akajibu, "Mimi! Niko nyuma ya mimi!" Ya pili ikalia. Akanyanyua kijana mmoja. Ya tatu, mwanamke mwenye mtoto. Watu wakaanza kujipanga bila kuambiwa. Ya kumi hivi ilimkuta Abelardo. Akaishika kwa mikono miwili.

"Mimi," akasema. "Abelardo. Niko nyuma ya dada mwenye kilemba cha kijani." Kisha akaongeza kwa haraka, "Na binti yangu Leticia bado hajafika, mkimwona mwambieni nafasi yake ninaishika."

Wale wa kamati wakatazama sakafu.

Mlio ukazidi kusogea, kiti kwa kiti, mpaka ukutani. Nyekundu ikalia. Nilimsikia Zoraida nyuma yangu akisema "Mungu wangu" kwa sauti ndogo. Sikumwachia mtu. Nikanyanyua mimi.

"Nani wa mwisho?" Alikuwa Yunier. "Dada, najua ni wewe, hii huwezi kumwachia mtu. Nilipofungua nikaikuta pasi yangu, nilikaa kwenye maji yale yale nikacheka. Halafu sikucheka tena. Ningekuambia usoni ungelia, na ukilia mimi siondoki, unanijua. Kwa hiyo sikiliza. Natoka kwenye foleni. Nilikuwa nyuma ya Mama. Nyuma yangu ulikuwa wewe. Ndani ya simu nimekuwekea ufunguo wa pikipiki. Betri usiuze hata njaa ikija. Nimekuambia, umesikia? Usije ukasema sikukuambia."

Ufunguo. Ndio uliokuwa ukigonga nilipoitikisa, nami nikakaa kwenye kiti nikashukuru.

Ikafuata ile sauti fupi ya kifaa kinachosubiri jibu. Nilikuwa nimeshika simu, machozi yananiingia mdomoni, na watu wote wananitazama, wenye kamera pia. Nilimkasirikia sana. Nilimkumbuka, na hajafikisha hata siku moja tangu aondoke.

Mkono wa Mama ukaja. Akanitoa simu vidoleni, akaibana kati ya bega na shavu, kama alivyoibana miaka yote ile kituoni.

"Nani wa mwisho?" akauliza. Ilikuwa sauti yake ya kazi, nyororo na wazi, ambayo sijaisikia tangu nikiwa shule. Kisha akanigeukia. "Nakuuliza wewe, Idalmis."

"Mimi."

"Uko nyuma ya nani?"

Kati yetu alikuwepo mtu, na huyo mtu ametoka, na kabla ya kutoka amesema.

"Nyuma yako, Mama."

"Basi sogea."

Akaweka simu chini. Ile nyekundu ilikuwa ya mwisho, na kwa michoro yangu kazi ilipaswa kuishia hapo. Lakini kule mlangoni simu ya kwanza ikalia upya. Yunier alikuwa amezungusha waya kutoka mwisho kurudi mwanzo, jambo ambalo sikumwagiza wala sikulifikiria. Mtu aliyekuwa akiingia akainyanyua, nasi tukamsikia Mama, wazi kabisa, akimuuliza nani wa mwisho.

17 Novemba

Yunier kafika Georgetown, Guyana. Katuma sauti fupi, anasema kunanyesha na viatu vya mvua aliuza. Mama kaisikiliza mara nyingi, halafu kasema chaji inaisha.

Umeme hakuna tangu jana. Abelardo kaja kuniambia nje ya ukumbi watu wamejaa hadi kona, na kila anayefika anauliza nani wa mwisho kabla hajauliza ndani kuna nini.

Nimeitoa betri usiku, nikaichaji kwa jirani mwenye jenereta, nikaifunga tena asubuhi kwa mkono wangu. Nyaya nimeziweka kwa rangi. Kisha nikatoka nje, nikaenda hadi kona, nikauliza.